Shamsia Mbili na Eda Moja

Niliondoka nyumbani Temeke alfajiri, hasira imenikaba. Jana yake tulipokea barua kutoka Bombay, ya shemeji yangu Salumu, na Salumu tulikwisha kumsomea hitima. Alisema yu mzima, ila hatukujua kama aliandika kabla ya meli yake kuzama. Dada yangu Mwanaidi alikuwa ndani anakaa eda, siku ya ishirini.

Meli zenyewe zilikuwa mbili, zote zikiitwa Shamsia. Salumu alikuwa baharia wa ile ya abiria; Omari wa Kinondoni alikuwa kwenye ile kuukuu ya mizigo. Ziliposikika habari za kuzama, karani wa ofisi ya meli alituambia ni ya abiria. Mke wa Omari akaambiwa yake iko salama.

Saa mbili asubuhi nilifika bandarini, nikamtupia karani barua mezani. Akatazama muhuri wa posta, tarehe yake ni ya baada ya meli kuzama, akapekua makaratasi yake, akajikuna kichwa.

"Kumbe iliyozama ni ya mizigo," akasema. "Majina yamefanana, bwana. Mtu hukosea."

"Mtu hukosea chumvi!" nikapiga meza. "Wewe umezika mtu aliye hai! Na mke wa Omari?"

"Tutampelekea barua."

Barua! Nilitoka kabla sijamkaba.

Adhuhuri nilifika Kinondoni, nimejaa vumbi mpaka magotini. Bi Tatu, mke wa Omari, alinipokea kwa kicheko, mikono ina hina mbichi, maana alimtazamia mumewe wiki ile.

"Karibu, kaka! Mwanaidi mwambie avumilie."

Ndiye aliyekaa na dada siku tatu za matanga, akimfuta machozi. Nikamwambia yote kwa mkupuo.

Hakupiga ukelele. Aliitazama mikono yake.

"Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa," akasema. "Basi na mie nimo siku ya ishirini, nimejipaka hina. Kumbe nilikuja kwenu kulia msiba wangu."

Nikampa pole, nikaaga haraka.

Magharibi nilikuwa Temeke. Nikawaeleza yote, kwamba Salumu yu hai na aliyezama ni Omari. Wanawake wakapiga vigelegele, Mwanaidi akawanyamazisha.

"Bi Tatu umemwacha na nani?"

"Peke yake."

"Peke yake! Umemtupia mtu kifo cha mumewe, ukageuka? Wewe na huyo karani mna tofauti gani?"

Mwanaidi alijitanda buibui, akashika njia ya Kinondoni, nami nikamfuata nyuma kwa miguu ile ile iliyochoka. Habari ya msiba ukiipeleka, kaa nayo.