Mawimbi ya Paka wa Naigaga

Paka dume wa Naigaga alizaliwa na manyoya ya mawimbi na sharubu zilizojikunja, hali mama yake alikuwa na manyoya yaliyonyooka kama paka yeyote wa mtaa wao wa Walukuba, Jinja. Kwa kuwa Naigaga ni msusi, mtaa mzima ukapata la kusema: anamjaribishia paka dawa za saluni. Aminah, mteja wake wa miaka mingi, ndiye aliyekwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtu uliyemsuka mwenyewe siku ya harusi yake!

Naigaga alishikilia kuwa mawimbi yale ni ya damu tu. Alichemka, na si kwa ajili ya paka tu. Miaka tisa iliyopita, huko Mbale, alimzaa Rania, mtoto mwenye nywele laini za mawimbi zisizofanana na za baba wala za mama. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini mama mkwe hakuwa na habari na wahenga. "Huyu si damu yetu," alisema, na Siraj, mume mzima, akatazama chini. Naigaga akambeba mwanawe akarudi Jinja.

Leo wamrudie kwa paka? Yule dume alipozalisha, watoto wote watano wakatoka na manyoya yaliyonyooka. Aminah alicheka hadi akashika mlango.

"Hiyo damu yako imepotelea wapi?"

Naigaga akameza hasira, akabakiza jike mmoja kati ya wale watano. Jike alipokua akapata mimba ya baba yake mwenyewe, maana paka hawana haya. Siku ya kuzaa, mchana kweupe, Naigaga aliwaita Aminah na mwenyekiti Bruhan, akawaketisha kwenye viti vya wateja. Wakatoka wanne. Wawili kati yao, wangali wamelowa, walikuwa na mawimbi.

"Haya, sema! Hawa niliwapaka dawa wakiwa tumboni?"

Bruhan akainama kutazama. "Kumbe huyu mama yao aliyatoa mawimbi kwa baba yake, akayaficha ndani. Yakikutana pande mbili, ya mama na ya baba, ndiyo yanatokea."

Aminah aliomba radhi, kisha bila aibu akaomba na mtoto mmoja wa paka. Naigaga hakumsikia. Alikuwa akimtazama Rania pale mlangoni, mtandio umevutwa hadi kwenye nyusi kama kawaida yake, hata nyumbani. Akachukua simu, akapiga Mbale.

"Mama, ni Naigaga. Sitaki kitu kwako. Njoo Jinja uangalie paka. Ukishaona, utamwomba mjukuu wako msamaha, tena mbele yangu."