Injini ya Shangazi Huko Kasanga

Safari hii ilianza kwa simu ya Shangazi Veneranda kutoka Kasanga. "Mwanangu, ile injini ya boti uliyonitengenezea inagonga. Nikiongeza mafuta, ni kama kuna mtu ndani na nyundo." Boti hiyo ndiyo inayomlisha tangu mumewe afariki. Injini yake kuukuu ya petroli niliitengeneza kwa mikono yangu, kwenye karakana yetu hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, na hapa ilinguruma vizuri kabisa.

Asubuhi Baba alinikuta nikifunga vifaa. Ndiye aliyenifundisha ufundi, ila sasa masikio yake yamechoka. Usipopaza sauti hakusikii. "Twende wote," akasema.

Basi lilipoanza kuteremka kuelekea ziwani, baridi ya nyanda za juu za Ufipa iliisha. Nilivua sweta, Baba akalikunja na kulipakata.

Saa nane tulifika Kasanga. Nilimwamkia shangazi, naye, kabla hajaitikia, alikuwa amemkumbatia kaka yake.

Niliwasha injini. Baba aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye silinda, akafumba macho. Nikaongeza mafuta. Akashtuka.

"Inagonga kweli. Nimeisikia kwa meno."

Tukaifungua. Kichwa cha pistoni kilikuwa na vishimo vishimo, kimeanza kuliwa.

"Pistoni za zamani zilikuwa za chuma cha kusubu, cha kuyeyusha na kumimina," Baba alisema. "Nzito, zinashika joto. Hizi za alumini ni nyepesi, zinapoa upesi, lakini petroli ikilipuka ovyo zinatafunika. Hii ingetoboka dada yangu akiwa katikati ya maji."

Machozi yalinilenga. "Nilikosea wapi, Baba?"

"Cheche uliipanga vizuri, ila kwa hewa nyepesi ya Sumbawanga. Huku chini hewa ni nzito, tena kuna joto, petroli inawahi kulipuka. Chelewesha cheche ya plagi kidogo."

Nikafunga pistoni ya akiba niliyokuja nayo, nikaichelewesha cheche. Kesho yake shangazi aliendesha boti mbali, akarudi anacheka. "Asanteni, mafundi wangu!"

"Fundi ni mmoja," Baba akamjibu. "Mimi nimemsindikiza."

Tukirudi, nilijua kwamba injini husikilizwa pale inapofanyia kazi. Basi lilipokaribia Malangali, jirani na nyumbani, Baba aliniinamia. "Mwanangu, huo mlio wa kugonga ulikuwa unasikikaje?"

Nikamwambia sikioni, kwa sauti iliyowageuza abiria wote: "Kama mahindi makavu yakimwagwa juu ya bati!"

Baba akatabasamu. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo ulivyokuwa hata enzi za masikio yangu."