Tarakimu Zisizozidi Hamsini na Tisa

Ofisini walimwita Bi Digrii, kwa sababu hakukubali nambari yoyote ya mahali ipite mezani kwake bila kuuliza imeandikwa kwa mtindo gani. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya wapima ardhi, na kugeuza digrii, dakika na sekunde kuwa digrii za desimali. Dakika unagawa kwa sitini, sekunde kwa elfu tatu na mia sita, kisha unajumlisha. Angeweza kuifanya huku akimenya chungwa.

Mumewe naye alikuwa mpima ardhi. Alifariki kwa homa kambini miaka kumi na tisa iliyopita, yeye akiwa na mimba ya miezi saba. Hapakuwa na barabara ya kumrudisha, wenzake wakamzika hukohuko. Dereva wao alimletea viatu vyake na kikaratasi chenye nambari mbili za mahali pa kaburi. Wakati huo Bi Digrii alikuwa karani wa masjala, hajui latitudo wala longitudo. Mara tatu aliazima kifaa cha GPS, akaingiza nambari zile kama zilivyo, akafuata mshale hadi kwenye uwanda wa mawe usio na dalili ya kaburi. Mara ya tatu alichagua rundo moja la mawe, akalisalimia, akarudi nyumbani na aibu.

"Mama, basi," binti yake alimwambia. "Angekuwa pale ungemwona."

Alikubali kwa mdomo tu. Kila alipotandika kitanda bado alianza na upande wa mumewe.

Jumanne moja alifungua daftari la kikosi cha mumewe. Nambari zake zilikuwa na nukta moja tu, kama desimali. Alipofika ukurasa wa arobaini, vidole vilisita. Desimali hurukaruka hadi tisini na tisa. Hizi, kila jozi ya tarakimu baada ya nukta, hazikuzidi hamsini na tisa hata mara moja. Zilikuwa dakika na sekunde zilizobanwa pamoja.

Akatoa kikaratasi kwenye pochi. Baada ya nukta ya kwanza: 4512. Baada ya pili: 2030.

Akampigia simu yule dereva, ambaye sasa alikuwa mstaafu, mgonjwa wa miguu.

"Shemeji, kumbe mlikuwa mnaandikaje nambari zenu?"

"Si tuliweka nukta tu! Nani alikuwa na muda wa kuchora viduara na vistari porini?"

"Mimi nimekuwa na muda, shemeji. Miaka kumi na tisa."

"Nisamehe, dada yangu. Nilinakili kama nilivyoona. Nilidhani ofisini mnajua."

Dakika arobaini na tano na sekunde kumi na mbili si 0.4512, ni 0.7533. Alikuwa akimlilia mumewe karibu kilomita thelathini na saba kutoka alipolala. Akasahihisha pia tofauti kati ya mfumo wa ramani za zamani na huu mpya, mita mia tatu hivi, kisha akaomba likizo ya siku nne.

Safari hii mshale ulimpeleka kwenye shamba la mahindi. Katikati palikuwa na kipande kisicholimwa, mawe yaliyopangwa, na nondo ya wapima ardhi yenye nambari ya kikosi. Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuja na jembe begani.

"Huyu ni wako?"

"Mume wangu."

"Pole, dada. Sisi tulidhani hana mtu. Kila mwaka tunalima tunamzunguka."

"Anaye," alisema. "Nilikuwa nakwenda kwingine."

Simu ikalia. Binti yake.

"Mama, umefika?"

"Nimefika."

"Ni yeye kweli? Kukoje?" Ilikuwa mara ya kwanza msichana kuuliza habari za baba yake kana kwamba yupo.

Bi Digrii alitazama mahindi yaliyofika kifuani, na mawe ambayo mkono usiomjua ulikuwa umeyapanga.

"Kuna watu karibu," alisema. "Hakuwa peke yake. Ngoja kidogo, mwanangu, nikae naye."

Akazima kifaa, akakaa chini.