Mwalimu Naye Alipiga Makofi

Kinyaa cha mwalimu kilianzia kwenye vidole vya watu. Siku alipoacha ukarani wa maktaba ili afundishe muziki sebuleni kwake, hakuna aliyemwonya kwamba kinanda cha mwalimu wa nyumbani ni sahani ya kila mpita njia. Watoto walikuja na mafuta ya viazi, wino na kamasi. Watu wazima, aliodhani wangekuwa nafuu, walikuja na losheni. Kila mwanafunzi alipotoka, mwalimu alichukua kitambaa chenye spiriti akasugua vibao vya kinanda kimoja kimoja, uso ameukunja kama anayeosha kidonda cha mtu asiyemjua.

"Baba Mapacha, utavisugua mpaka viishe kama sabuni," mkewe alimtania kutoka jikoni. "Ulitaka wanafunzi, wamekuja. Maji umeyavulia nguo, yaoge."

"Nitayaoga, mama. Ila haya yana makamasi."

Wanafunzi wenyewe walikuwa wanne tu. Mmoja alikuwa binti wa miaka tisa aliyeletwa na baba yake, muuza vigae wa barabara ya juu, mtu wa sauti kubwa na manukato ya kuchoma pua. Mwingine alikuwa mfamasia wa makamo, mwanamke mpole aliyenunua daftari na kulijalidi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa wiki sita mfamasia alikuwa amepambana na mistari miwili ya wimbo wa kubembelezea watoto. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto ulipoalikwa, yote miwili ilisimama. Hakulalamika. Alirudia. Mwalimu hakuwa na hakika kama alijua kufundisha au alijua kupiga tu, na alimtegemea mwanamke huyo kuliko alivyothubutu kukiri: huyu akiweza, basi yeye si tapeli.

Jumamosi moja, binti akiwa na wiki nne za masomo, muuza vigae aliingia bila taarifa pamoja na rafiki zake watatu, kila mmoja na simu yake mkononi. Mfamasia alikuwa amewahi, ameketi karibu na mlango akisubiri zamu yake.

"Mwalimu, hawa wana watoto watano kwa jumla," muuza vigae alitangaza. "Nimewaleta wajionee." Akamgeukia binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye kinanda. "Mama, hebu waoneshe!"

Binti hakujua wimbo wowote. Alichojua, na alikigundua mwenyewe, ni kitufe kidogo pembeni: ukikibonyeza, kinanda hujipigia wimbo uliohifadhiwa tumboni mwake. Akakibonyeza. Kisha akavirusha vidole juu ya vibao bila hata kuvigusa, akitikisa kichwa kama msanii aliyezidiwa na hisia. Zikatoka ngoma, magitaa na matarumbeta, wala hakuna aliyejiuliza mikono miwili midogo imeyapata wapi matarumbeta.

"Wiki nne tu!" muuza vigae alinguruma. "Damu yangu hiyo! Mwalimu, wewe mchawi!"

"Wangu utampokea lini?" rafiki mmoja akauliza.

Makofi yakalipuka. Mwalimu akashtukia viganja vyake navyo vinagongana. Vilikuwa na jasho, na kinyaa kilichompanda safari hii hakikuwa cha uchafu wa mtu mwingine.

Mfamasia alifunga daftari lake, akatoka kimya. Mwalimu akamfuata, akamkuta getini.

"Usinionee haya, mwalimu," alisema. "Mtoto wiki nne, mimi wiki sita na bado nakwama palepale. Umri umeniacha. Asante kwa uvumilivu wako."

"Dada, yule hakupiga kitu. Kinanda kimejipiga chenyewe."

Mfamasia akamtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukapiga makofi."

Mwalimu akafuta viganja vyake kwenye suruali.

"Mimi dukani nikimpa mgonjwa chaki nikamwambia ni dawa, akaondoka anacheka, ungeniitaje?"

"Nitamwambia baba yake, wageni wakishaondoka."

"Mimi nimeaibika wageni wakiwapo."

Mwalimu akarudi ndani. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wimbo ule umo ndani ya kinanda. Binti bado hajauweza, wala mimi sijamfundisha. Nilipaswa kusema kabla ya kupiga makofi."

"Ndiyo maana nilisikia tarumbeta!" rafiki mmoja akapasuka kicheko.

Muuza vigae hakucheka. "Unanivua nguo mbele za watu?" Akamshika binti mkono. Mtoto alikuwa ameanza kulia.

"Nilikuwa nacheza tu, mwalimu," alisema huku akivutwa nje.

Rafiki watatu wakawafuata, na watoto wao watano, ambao mwalimu hakuwahi hata kuwaona, wakaondoka nao. Manukato yalibaki sebuleni, yamenata kooni. Mwalimu alitegemea kwamba ukweli ungemsafisha. Badala yake alijiona kama mtu aliyefuta meza kwa kitambaa kichafu. Alikuwa amenyamaza kwa faida yake, kisha akasema ili asimpoteze mwanafunzi mmoja, na mara zote mbili mtoto ndiye aliyetumika.

Mfamasia alikuwa mlangoni. "Sikukutuma umlize mtoto."

"Najua."

"Jumanne nitakuja. Lakini yule mtoto asilale akidhani yeye ndiye mwongo. Wewe ndiye mtu mzima."

Alipoondoka, mwalimu alimwona akilini muuza vigae akimtukana mbele ya wateja wa duka lake la vigae. Akavua ndala, akainama kutafuta viatu vya kwendea huko.