Kamba ya Ngamia na Mabunge Mawili

Mdogo wangu, kabla akili haijamchafuka, ndiye aliyekuwa akiwaimbia ngamia visimani. Kwetu ngamia huimbiwa akinywa. Usipoimba anainua shingo, anatazama mbali. Wallahi, kwa sauti ile hata ngamia wa watu walikuja. Siku hizi maji yanavutwa na injini ya dizeli, na injini haijui wimbo. Lakini nimetoka njiani.

Alipougua tulimfunga kwa dabar, ile kamba tunayomfunga ngamia miguu asipotee. Tukamfunga kwenye nguzo, nyumbani kwa dada yetu mkubwa, hapa Garissa. Haikuwa ubaya. Aliwahi kuingia porini peke yake, tukamkuta ulimi umekauka.

Basi siku moja redio ikasema Seneti imepitisha mswada wa afya ya akili: mgonjwa asifungwe kamba, atibiwe karibu na kwao. Dada akaacha chai ikifurika jikoni, akaenda kumfungua.

Binti yangu, anayefanya kazi ofisi ya kaunti, akashtuka, akamwambia shangazi yake: "Eddo, bado! Hilo ni bunge moja tu. Sasa mswada unaenda Bunge la Taifa. Wakibadilisha kitu, unarudi Seneti. Seneti ikikataa, wanachaguliwa watu wa pande zote mbili wapatane. Halafu rais atie saini."

Dada akamtazama. Kwetu wazee wakikaa wakakubaliana, Fatiha inasomwa, jambo limekwisha. Atakayelifufua anatozwa faini.

"Wazee wamekubali, nimesikia mwenyewe. Hao wengine ni wazee wa nani?"

"Wa nchi hii hii, Eddo."

"Basi si wakae kivuli kimoja!"

Tukacheka. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akijisugua vifundo vya miguu, anangoja tuamue. Mimi nikaokota kamba. Dada akaninyang'anya.

"Walaal, ndugu yangu, simrudishii mtu kamba eti nawangoja wazee wa pili wamalize chai yao."

Ikawa tunamfuata kwa zamu: soko la mifugo, msikitini, hospitali kudungwa sindano. Majirani walinung'unika, wengine walituletea maziwa. Mswada nao ulikuwa safarini huko Nairobi: umevuka, umebadilishwa, umerudi, wamebishana. Kila binti yangu akija, dada anamuuliza, "Umefika kisima gani?" Utadhani anauliza habari za ngamia aliyeazimwa.

Siku rais alipotia saini, binti akaingia mbio. "Eddo, sasa unaweza kumfungua!" Kisha akamwona ami yake amekaa mkekani anachambua mchele, akacheka mwenyewe. Kamba tulikuwa tumeshampa jirani. Ilikuwa miguuni mwa ngamia wake.

Sindano imempunguzia vurugu, na wimbo kidogo pia. Jioni huanza ule wa visimani, akifika katikati unampotea. Mimi namalizia, vibaya. Ananiacha niimbe mpaka nikosee, halafu ananyoosha kidole na kunirudisha mwanzo.