Gome la Mkunazi na Mdomo wa Mwanangu

Mlinzi alimsimamisha mwanangu uani, hatua moja kutoka kwenye mkunazi, akamwekea kiganja mdomoni, kisha akakipeleka kiganja kile moja kwa moja mpaka kwenye shina. Kidonda cha mti, mahali gome lilipobanduka, kilikuwa palepale.

"Unaona, nyabo," akaniambia kwa upole wake wa Kiganda, wa kumwita kila mama nyabo. "Inafika kwa mdomo kabisa. Ni huyu anakula mti."

Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha. Mwanangu alikuwa na miaka minne na hata ukoko wa mkate ulimshinda. Nilimwambia mlinzi kwamba mtoto asiyemaliza chapati hawezi kumaliza gome, halafu nikamwongezea mengine ambayo mama yangu hangependa niyaandike.

Hasira ilikuwa na sababu. Mwenye nyumba alikuwa amesema kwamba familia yenye mtoto mharibifu ihame mwezi ukiisha. Villa ile ya mtaa wa Muaither, huku Uarabuni tulikofuata kazi, ilikuwa imekatwakatwa vyumba kama keki ya harusi, na chumba chetu kilikuwa kipande chembamba, lakini kilikubali mtoto. Mume wangu, ambaye ni dereva, alikuwa ameanza kuulizia vyumba mtaa wa Al Mansoura. Kila aliyempigia simu alikuwa mkarimu mpaka asikie neno mtoto. Tukikosa, mimi na mwanangu tulikuwa turudi Kenya, naye abaki kwenye kitanda cha kukodi.

Sasa, mimi nimelelewa kando ya msitu. Baba alilinda maharagwe yake dhidi ya pongo, wale wanyama wa msituni wenye pembe fupi, na alitufundisha kusoma miti. Gome lililokatwa kwa panga lina ukingo safi. Lililotafunwa lina mifereji ya meno, kama sabuni iliyokwanguliwa. Lakini dume likisugua pembe, gome huchanika kwa urefu, nyuzi zinaning'inia, na juu ya kidonda unakuta mikwaruzo ya ncha za pembe. Ukishajua ni pembe, unajipima na kidonda: kati ya goti na paja ni pongo, kikifika kiunoni ni mnyama mkubwa, rudi nyumbani polepole. Ndugu zangu walilishika somo hilo. Mimi nilikuwa nikisinzia kwenye kibanda cha shamba. Lakini siku hiyo niliuzunguka mkunazi mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Nyuzi zilikuwapo. Mikwaruzo ilikuwapo. Nikasimama, nikajipima: kiunoni. Mnyama mkubwa mwenye pembe niliyemjua nchi ile alikuwa mmoja tu, yule mweupe wa jangwani mwenye pembe ndefu kama mikuki.

"Ni choroa," nikatangaza mbele ya wapangaji wote.

Jirani yetu, nesi Mkenya, alikuwa akianika nguo. "Choroa yule amechorwa kwa mkia wa ndege ya nchi hii?" akauliza. "Sasa ameshukia wapi, dada? Ama aliruka tu ikipita?"

Kuanzia hapo nikaitwa Mama Choroa. Hata mtoto alianza kuniita hivyo.

Nikaamua kuleta ushahidi. Baba alikuwa akifagia udongo chini ya mti uliosuguliwa ili mnyama akirudi aache nyayo. Basi kila asubuhi nikafagia mchanga wa mkunazi mpaka ukang'aa. Niliondoa majani, kunazi zilizoanguka, na nyingine ndogo nyeusi zilizokauka. Alasiri mlinzi alimwagilia maji, akafuta kila kitu. Siku moja jioni nikakuta nyayo: mtu mzito, mguu wa kushoto umegeukia nje kama wa bata. Nikamwita mume wangu aje amwone mhalifu. Akatazama mchanga. Akatazama ndara zangu. Akaenda kuoga.

Aliyeniokoa ni mshtakiwa. Mkunazi ule ulizungukwa na ukingo wa matofali, na ndani yake mchanga ulikuwa umejazwa juu kuliko sakafu ya ua. Mwanangu alipanda humo kuchuma kunazi, akalikumbatia shina, na kidonda kikawa kwenye kitovu chake. Nikasimama na kijiko cha uji mkononi. Ili aule mti ule angelazimika kupanda humo, kisha apige magoti kama anayesali. Na mimi pia nilikuwa nimejipima nikiwa sakafuni. Nikavua ndara, nikapanda. Kidonda kilishuka mpaka pajani.

Basi mnyama alikuwa wa kimo cha pongo. Nyuma ya ukuta, mwenye nyumba alikuwa na swala dume, kipenzi cha watoto wake, na mlango mdogo wa ukutani uliachwa wazi kila alasiri mlinzi alipovuta mpira wa maji. Kwenye nyuzi za gome kulikuwa na manyoya ya rangi ya mchanga. Kuhusu zile kunazi ndogo nyeusi nilizofagia kila asubuhi kwa bidii, nitasema tu kwamba kunazi haina umbo la kinyesi cha mbuzi.

Nilimwonyesha mlinzi. Alitazama manyoya, akatazama chini.

"Nyabo, swala ni wa mudir, mwenye nyumba," akasema. "Mtoto ni wako."

Maneno hayo ndiyo yaliyonivalisha viatu vya kanisani na kunipeleka kwa wakala wa nyumba. Karani, msichana wa kwetu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada, kwa fomu, aina ya tatizo ni bomba, umeme ama kelele," akasema. "Swala hayupo."

"Weka kelele."

"Kwani anapiga kelele?"

"Mimi ndiye ninayepiga."

Akaweka kelele. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi, nikangoja mpaka muhuri ukapigwa:

Ninamlalamikia swala dume, mmoja, mkazi wa nyuma ya ukuta, kwa kusugua pembe kwenye mkunazi wa uani. Manyoya yake nimeyabandika hapa. Naomba mtoto wangu aondolewe lawama na chumba tubaki nacho. Naomba pia ijulikane kwamba sikusema choroa kwa ubaya.