Ndege wa Msingi wa Bibi

Nilipokuwa na miaka kumi, kijiji chetu cha Ndera kizima hakikuwa na mtoto wa kunishinda kwa manati. Waulize. Siku moja nikamlenga inyamanza, kale kandege keusi na keupe kanakotikisa mkia, ametua kwenye msingi wa nyumba mpya ya Bibi. Jiwe moja tu. Sikukumbuka kwamba kwetu inyamanza haguswi: ndiye anayebariki kiwanja, na anayemuua huota mabaka mwilini.

Bibi alimkuta amekufa. Alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo hasira zake zilitoka kwa Kiswahili. "Msiniambie nani. Ngozi itasema yenyewe."

Nikajikagua mikono siku nne. Wapi, safi kama sahani. Siku ya tano mdogo wangu Aline, ambaye hata kushika manati hajui, akaamka na mabaka shingo nzima.

Bibi alimwogesha maji machungu ya umuravumba, majani ya dawa, uani, majirani wakitazama. Shuleni hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja.

"Si mimi, Bibi," Aline akasema.

"Ngozi haidanganyi, mwanangu."

Aliyewachotea maji hayo ni mimi.

Sasa Aline anasoma anthropolojia chuo kikuu, mambo ya miiko na mila. Juzi alinifuata Masoro, ninakoendesha folklifti, gari la kuinulia mizigo ghalani, akaweka simu mezani inarekodi. Mimi niliyeishia darasa la tano, chuo kikuu kinanitafuta, sikuacha kumkumbusha.

"Haya profesa, uliza."

"Acha utani, kaka. Yule inyamanza, nani alimuua?"

"Mimi."

Akazima simu. Mkono ukamwendea shingoni wenyewe. "Miaka yote nilidhani labda niliua, nikasahau. Ndiyo maana nikaenda kusomea."

"Sasa vitabu vinasemaje? Mbona mabaka yalikushika wewe?"

"Sijui," akasema, akabeba mkoba wake.

Kama Bibi alikosea, yale mabaka yalitoka wapi? Kama alipatia, kwa nini shingo ya Aline? Ngozi yangu mpaka leo ni laini, haijasema neno.

Siku hizi inyamanza akitua mbele ya folklifti, nazima injini nasubiri aruke. Wenzangu wananicheka. Wakiniuliza namwogopa nani, ndege au dada, nawaambia wafanye kazi.